Kuiona mistari ya Nazca kwa ndege ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza habari za Nazca. Wengine wanataka kwenda, wengine wanataka tu kuhakikisha kama ni kweli nilitapika angani. (Ni kweli.) Nimeyaweka maswali yote mahali pamoja, wa kwenda aende, wa kucheka acheke. Nilisafiri na begi la mgongoni, mabasi ya abiria na vitanda vya hosteli, kwa hiyo anayetafuta hoteli za nyota tano humu hatafaidi sana.

Nazca iko wapi, na hiyo mistari ni kitu gani?

Nazca ni mji mdogo wa kusini mwa Peru, kilomita kama 450 kutoka Lima. Ukitoka mjini kuelekea kaskazini unaingia kwenye uwanda wa jangwa usio na mti wala kichaka, na huko ndiko kulikochorwa. Iko mistari iliyonyooka kama imepigwa rula, mingine inakwenda kilomita kadhaa bila kupinda, inapanda kilima na kushukia upande wa pili. Yako maumbo makubwa ya pembe nne, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Na iko michoro ya wanyama, ndege, mimea na watu, ambayo ndiyo iliyoupa mji jina duniani, ingawa ni michache ukiilinganisha na mistari mitupu.

Waliochora ni watu wa utamaduni wa Nasca, na kabla yao wale wa Paracas, ambao kazi zao nyingi ziko kwenye miteremko ya Palpa, jirani na hapo. Sehemu kubwa ilichorwa kati ya mwaka 500 KK na 500 BK. Wainka, ambao wengi wetu tunawajua kwa ajili ya Machu Picchu, walikuja karne nyingi baadaye. UNESCO iliiingiza mistari ya Nasca na Palpa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994.

Waliwezaje kuchora bila kuona kutoka juu?

Jibu lake ni jepesi kuliko watu wanavyopenda liwe. Uso wa jangwa lile umetandwa vijiwe vya rangi ya kutu iliyokolea. Chini yake, kina cha kiganja tu, kuna udongo mweupe-mweupe. Okota vijiwe, virundike pembeni, umepata mstari. Kina ni sentimita 10 hadi 30 hivi. Hakuna mwamba uliochongwa wala jiwe kubwa lililobebwa.

Kuhusu ukubwa, mtazame fundi wa mtaani siku anapopiga kamba ya msingi wa nyumba. Kigingi hapa, kigingi pale, kamba inavutwa, pembe inapimwa, na nyumba nzima inakaa sawa bila mtu kupanda juu ya mnazi kuikagua. Kwenye ncha za baadhi ya mistari wataalamu wamekuta vigingi vya mbao. Mwaka 1982 Mmarekani mmoja, Joe Nickell, alijikusanya na watu wake wachache kwenye shamba huko Kentucky, wakamchora kondori wa Nazca kwa ukubwa wake uleule kwa kutumia mbao na kamba tu, bila mtu wa kuwaelekeza kutoka angani. Alipopigwa picha kutoka kwenye ndege alionekana vizuri kabisa.

Kama hujaelewa kwa nini haijafutika miaka yote hiyo: mvua karibu haipo, majani hayaoti, na vile vijiwe vyeusi vinashika joto la jua kiasi kwamba upepo wa karibu na ardhi unapungua makali.

Kwa hiyo si viumbe kutoka anga za mbali?

Hapana. Na swali lenyewe linanikera kidogo, kwa sababu haliulizwi juu ya makanisa makubwa ya Ulaya. Linaulizwa Misri, linaulizwa Zimbabwe Kuu, linaulizwa Peru. Yule anayeitwa "mwanaanga" ni mtu mwenye macho ya mviringo aliyeinua mkono mmoja, kachorwa ubavuni mwa kilima, urefu wake mita 32 hivi. Jina hilo kapewa na watu wa karne ya 20.

Basi ilikuwa ya kazi gani?

Hapa ndipo penye utamu, na hapana jibu moja.

Mwanaakiolojia wa Peru, Toribio Mejía Xesspe, aliitambua mistari hii mwaka 1927 akiwa anatembea kwa miguu kwenye vilima vya pembeni. Yeye aliiona kama njia za ibada. Mwaka 1941 Mmarekani Paul Kosok alisimama kwenye mstari mmoja jioni ya Juni akaliona jua likizama sawasawa na mwisho wa mstari. Hapo likazaliwa wazo la kalenda ya nyota. Aliyelichukua na kulibeba maisha yake yote ni Maria Reiche, mwanahisabati aliyezaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1903. Alipima, akachora ramani, akafagia mistari kwa ufagio ili ionekane, akakaa jangwani mpaka wenyeji wakamzoea. Alifariki mwaka 1998 na kuzikwa karibu na mistari yake. Uwanja wa ndege wa Nazca una jina lake.

Lakini wazo lake kubwa halikusimama imara. Mwaka 1968 mtaalamu wa nyota Gerald Hawkins alipitisha vipimo kwenye kompyuta, akakuta mistari inayoelekea jua na nyota si mingi kuliko ile ambayo ingetokea kwa bahati tu. Siku hizi wataalamu wengi wanazungumzia maji, milima na kutembea. Michoro mingi ya wanyama imechorwa kwa mstari mmoja usiojikata: unaingia upande mmoja, unaizunguka picha yote, unatokea upande wa pili. Kandokando ya mistari kumekutwa vigae vya vyungu. Ukiishi mahali ambapo mto unapita muda mfupi tu kwa mwaka, kuwaza kwako kote ni maji, na maandamano ya kuombea mvua si jambo la ajabu hata kwetu.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yamagata cha Japani, wakisaidiwa na akili bandia ya kampuni ya IBM, walitangaza michoro mipya 303, wakati iliyojulikana kabla ya hapo ilikuwa 430. Walionyesha pia kwamba iko michoro ya aina mbili. Mikubwa ya mstari, wastani wa mita 90, wengi wao ni wanyama pori. Midogo ya kutandaza mawe, wastani wa mita 9, ni watu, vichwa vilivyokatwa na mifugo, na iko kandokando ya vijia. Hiyo midogo ilikuwa ya kuonwa na mpita njia, kama maandishi ya ubavuni mwa daladala. Sikiliza: hiyo haihitaji ndege hata kidogo.

Nitafikaje Peru kutoka Afrika Mashariki?

Kwa uvumilivu. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Peru, na kwa kuwa ubalozi hauko kila mji, anza mapema, miezi miwili au mitatu kabla. Njia ya Addis Ababa kwenda São Paulo kisha Lima ndiyo niliyoiona nafuu. Hakikisha tiketi ni moja mpaka mwisho, ili pale São Paulo usilazimike kutoka nje kuchukua mzigo. Njia ya Marekani inataka viza ya Marekani hata kama unabadilisha ndege tu.

Kadi ya njano ya homa ya manjano usiiache. Peru iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na ukirudi nyumbani utaulizwa. Nimemwona mtu akichomwa sindano pale pale uwanjani na uchovu wake wote.

Na kutoka Lima mpaka Nazca?

Basi. Ni saa saba au nane kwenye barabara kuu ya Panamericana, bahari kulia, jangwa kushoto, halafu jangwa pande zote. Mabasi ni ya ghorofa, viti vinalala, na mara nyingi nauli ni kati ya dola 15 na 35 kulingana na kiti. Wengine wanasafiri usiku ili waokoe hela ya kulala. Mimi nilikwenda mchana na sikujuta, maana kuliona jangwa linavyoanza ndio nusu ya safari.

Jambo la saa: tiketi ikiandikwa 09:00 ni saa tatu asubuhi ya kwetu. Nasema hivi kwa sababu nilisafiri na ndugu yangu mmoja aliyeisoma kama saa tisa. Peru iko nyuma yetu kwa saa nane.

Niruke kutoka Nazca, Ica au Pisco?

Nazca, kama una nafasi ya kufika. Ndege inaruka dakika 30 hadi 35 na muda karibu wote uko juu ya michoro. Ica na Pisco ni miji ya njiani ukitoka Lima. Kutoka Pisco ni saa moja na nusu au zaidi, sehemu kubwa ikiwa kwenda na kurudi, na bei ni kubwa zaidi. Pisco inawafaa wasiotaka kulala njiani.

Bei ikoje?

Nazca ni kati ya dola 80 na 150 kwa mtu, kutegemea msimu, kampuni na ukali wako wa kupatana. Juu yake kuna ushuru wa uwanja unaolipwa dirishani kwa soli, pesa ya Peru, haumo kwenye tiketi. Weka taslimu. M-Pesa yako haifiki huko, na wenyeji wanalipana kwa simu kwa mfumo wao wa hukohuko.

Ukishuka tu stendi watakujia mawakala na picha zilizopakwa plastiki. Mmoja wao aliniuzia safari ya saa mbili asubuhi, nikakaa kwenye benchi mpaka karibu na adhuhuri, kumbe alikuwa hajamlipia mtu yeyote nafasi yangu. Fanya hivi: lala, asubuhi nenda mwenyewe uwanjani, madirisha ya makampuni yamepangwa ukutani kama ya kukatia tiketi za boti ya Unguja. Zungumza nao moja kwa moja.

Siku yenyewe inakwendaje?

Kwanza unapimwa uzito. Mbele ya watu wote, juu ya mizani, begi likiwa chini. Rubani anawapanga viti kwa kilo, si kwa urafiki, kwa hiyo mliokuja wawili mnaweza kutenganishwa. Wanaokaribia kilo 100 huweza kudaiwa nyongeza. Pasipoti ni lazima, ukaguzi wa mzigo upo, halafu kuna kusubiri. Asubuhi kukiwa na ukungu hakuna anayeruka, na zamu zote zinasogea.

Ndege yangu ilikuwa Cessna ya abiria watano na marubani wawili. Aliyewahi kupanda ile Caravan ya Dar kwenda Unguja anajua: ndege unayoingia kwa kuinama, yenye harufu ya mafuta na viti vya moto. Hii ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Mabawa yake yako juu ya madirisha, ndiyo maana unaona chini bila kizuizi. Tulipewa hedifoni, na karatasi yenye ramani na orodha ya picha: nyangumi, mwanaanga, tumbili, mbwa, kondori, buibui, ndege mvumaji, korongo, kasuku, mikono, mti.

Tulipopaa, kwa dakika kadhaa sikuona kitu. Mistari, ndiyo, mingi, imepishana kama nyufa za sakafu, na alama za magari na mikondo ya maji ya zamani, vyote rangi moja. Rubani msaidizi akasema kwenye hedifoni, "Nyangumi, upande wa kulia, chini ya ncha ya bawa." Ndege ikalala ubavu. Niliangalia ncha ya bawa, nikaangalia chini yake, nikaona jangwa. Tukageuka, zamu ya wa kushoto. Nyangumi alinipita hivyohivyo.

Wa kwanza kumwona ni mwanaanga, kwa sababu kalala ubavuni mwa kilima na anakutazama. Baada ya hapo macho yakafunguka. Tumbili ana mkia uliojiviringisha na vidole tisa. Hebu fikiria, tumbili kwenye jangwa ambalo halina hata mti wa kukaa, maana tumbili wako upande wa pili wa milima ya Andes, kwenye misitu. Kondori, ambaye ni tumbusi mkubwa wa milima hiyo, ana mita 130 na kitu. Buibui ni mdogo, mita 46 hivi, na ndiye safi kuliko wote.

Halafu ndege mvumaji. Kwetu hayupo, anayemkaribia ni chozi, yule anayefyonza maua ya mgomba. Picha yake nilishaiona mara mia na nilimtarajia ajae dirishani. Alikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Mita tisini na kitu kutoka mdomo mpaka mkia, lakini kutoka kule juu ni mkwaruzo mwembamba mweupe juu ya meza kubwa ya kahawia. Nilimwona kwa sekunde labda nane. Rubani akalaza upande wa pili, na hapo ndipo tumbo langu lilipokata shauri.

Nitatapika?

Uwezekano ni mkubwa. Ndege inalala kulia ili wa kulia waone, inazunguka, inalala kushoto ili wa kushoto waone, mara kumi na mbili hivi kwa nusu saa. Hata mabaharia wameumbuka humo.

Kula kidogo sana, saa mbili au tatu kabla. Mkate na chai inatosha. Ceviche, ile samaki mbichi ya ndimu, ya jana usiku iache. Kidonge cha kuzuia kichefuchefu kimezwe nusu saa kabla, famasi za Nazca wamezoea kuulizwa. Tangawizi inasaidia wengine, mimi haikunisaidia. Ruka asubuhi kadiri inavyowezekana, kwa sababu mchana jangwa likipata moto upepo unaanza kuitikisa ndege kama kibiriti. Na kinachowamaliza wengi ni kuchungulia kwenye simu. Ukiinamisha kichwa kwenye kioo cha simu huku ndege imelala ubavu, umejitakia. Mfuko wa karatasi uko mbele ya kiti, ufungue kabla hujauhitaji.

Nipige picha gani basi?

Chache. Picha nzuri zote za michoro hii zimeshapigwa na watu wenye lenzi ndefu, ndege yao wenyewe na jua la pembeni. Zangu arobaini ni za bawa. Kama lazima, weka kamera kwenye kasi kubwa, zima mwanga, usiegemeze lenzi kwenye dirisha linalotetemeka. Nusu ya kwanza ya safari piga, nusu ya pili tazama.

Ni salama?

Sitakuficha. Mwaka 2008 watalii watano Wafaransa walikufa. Mwaka 2010 zilianguka ndege mbili, Februari watu saba na Oktoba watu sita. Baada ya hapo serikali ilibana: marubani wawili kila ndege, ukaguzi zaidi, na makampuni kadhaa yakafungiwa. Bado, Februari 2022 ndege ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, wakafa wote saba waliokuwemo. Kwa hiyo usimfuate wa bei ya chini kuliko wote. Ukiona rubani mmoja peke yake kwenye usukani, shuka. Mimi niliruka kwa sababu niliona ndege mbele ya macho yangu zikikaguliwa na zikikataliwa kuruka kwa ajili ya ukungu. Watu wanaokubali kupoteza hela ya asubuhi nzima kwa ukungu nawaamini kidogo zaidi.

Sina hela ya ndege, au naogopa. Nirudi nyumbani?

La. Kando ya Panamericana, nusu saa hivi kwa gari kutoka mjini, kuna mnara wa chuma uliojengwa na Maria Reiche mwaka 1976. Kiingilio ni soli chache. Unapanda ngazi, na chini yako kuna mikono na mti, karibu kiasi kwamba unaona kijiwe kimoja kimoja kilichosogezwa. Mkono mmoja una vidole vinne tu. Upande mwingine kuna mjusi wa mita 180 na zaidi, ambaye barabara ilimkata katikati ilipojengwa miaka ya 1930, kabla watu hawajajali. Malori yanapita juu ya kiuno chake mchana kutwa.

Mbele kidogo kuna kilima cha kutazamia, na kwenye mteremko wake Oktoba 2020 walitangaza paka wa mita 37 aliyegundulika wakati wa kusafisha njia ya wageni. Watu walipita hapo miaka yote wakitafuta vitu vya mbali zaidi.

Ukiniuliza, anza na mnara, kisha ndege siku inayofuata. Mimi nilianza na ndege, na ndiyo sababu nyangumi alinipita: sikuwa najua mstari wenyewe unafananaje. Baada ya kuuona kwa karibu, jinsi ulivyo mfereji wa kina cha kiganja, ningejua cha kutafuta.

Naruhusiwa kutembea juu ya mistari?

Hata kidogo. Unyayo mmoja unabaki miaka na miaka, kwa sababu hakuna mvua ya kuufuta. Desemba 2014 wanaharakati wa mazingira waliingia na kutandika maandishi yao karibu na ndege mvumaji, wakaacha nyayo, na nchi nzima ikawaka hasira. Januari 2018 dereva wa lori aliacha barabara na kupita juu ya mistari mitatu. Hata watafiti wenye kibali huvaa viatu vipana vya kutawanya uzito.

Kuna kingine cha kuona huko?

Cantalloc, usipitwe. Ni mashimo ya mzunguko kama konokono, yamejengwa kwa mawe ya mto, unashuka kwa njia inayozunguka mpaka unakuta maji baridi yanapita chini ya jangwa. Yanaitwa puquio, na wakulima wanayatumia mpaka leo. Wasomaji wetu wa Oman wakifika hapo watacheka, maana watauona falaj wao, maji ya chini kwa chini yanayogawanywa kwa mashamba, upande wa pili wa dunia kwa watu ambao hawakuwahi kukutana.

Makaburi ya Chauchilla yako kilomita 30 hivi kusini: maiti zilizokauka, zimekaa kitako, nywele ndefu bado ziko kichwani. Wezi wa makaburi walizitupa nje zamani, zikapangwa upya. Sikukaa sana. Cahuachi, mji wa ibada wa udongo, unahitaji gari. Cerro Blanco, kilima cha mchanga chenye mita elfu mbili na ushee kutoka usawa wa bahari, kinapandwa alfajiri kabla jua halijakuua.

Mimi ni Mwislamu, nitakula nini?

Samaki. Peru ni nchi ya samaki, na ceviche ni samaki mbichi anayeivishwa kwa ndimu na pilipili. Ukizoea pweza wa Forodhani hutapata shida. Migahawa ya Kichina, inayoitwa chifa, ina nguruwe mwingi, uliza kwanza. Msikiti Nazca sikuuona. Iko Lima na Tacna, mpakani na Chile.

Watu weusi wanapokewaje?

Vizuri, na kwa udadisi. Watakuita "moreno", kwa kawaida bila ubaya. Wengi hawajui kwamba pwani hii ina Waafrika wake: waliletwa watumwa kulima miwa na zabibu, hata kwenye mashamba ya Majesuti karibu na Nazca. Njiani kutoka Lima, Chincha, kuna mji wa El Carmen ambao ni wa watu hao. Shuka hapo siku moja. Wanapiga cajón, ngoma ya sanduku la mbao unayoikalia, na mitaani kuna anticucho, moyo wa ng'ombe uliochomwa kwenye kijiti. Nilimwambia mama muuzaji kwamba kwetu hii ni mishkaki. Alilirudia neno mara tatu, akaniongezea kijiti kimoja.

Lazima nijue Kihispania?

Nambari, salamu na "bei gani" zinatosha. Marubani wanataja picha kwa Kiingereza pia.

Kuna michoro kama hii karibu na sisi?

Jangwa la Arabia limejaa. Marubani wa Kiingereza wa barua waliyaona maumbo ya mawe huko Jordan miaka ya 1920, na wafugaji waliwaambia ni kazi ya wazee wa kale. Saudi Arabia kuna kuta ndefu za pembe nne, mustatil, za miaka kama 7,000. Hizi zimejengwa kwa kupanga mawe juu. Kwa sasa njia rahisi ni picha za setilaiti, na hazitapishi.

Mama yangu ana miaka 68 na anataka kuja nami. Aje?

Kama moyo na presha viko sawa na daktari kakubali, aje. Mnara una ngazi nyembamba, apande taratibu na wewe nyuma yake. Kwenye ndege mwombee kiti cha mbele, karibu na rubani, ambako mtikisiko ni mdogo. Shuka kubwa au kanga ya kujifunika asubuhi aichukue, jangwa lina baridi kabla jua halijatoka. Na asile ceviche.